Mtazamaji Namba Tisa

"Dada, samahani. Hizo hoho unazinunua au unazitafutia wachumba?"

Hidaya hakuinua kichwa. Alikuwa amechutama mbele ya fungu la pilipili hoho katika gulio la Lushoto, Jumapili, saa nne asubuhi, wakati ambao sokoni hapapitiki. Akina mama wa Mlola walikuwa wamemwaga karoti zao mpaka njiani, bodaboda wanapiga honi bila sababu, na muuza mitumba amesimama juu ya meza anaimba bei. Hidaya alivaa gauni refu la rangi ya haradali, sweta na mtandio vya kijivu, na raba nyeupe ambazo kwa matope ya soko lile weupe wake ulikuwa umebaki jina. Mkononi alishika kidude cheusi, saizi ya kiberiti. Alikigusisha kwenye hoho, akasoma namba, akaguna, akairudisha hoho kwenye fungu na kuchukua nyingine.

"Natafuta nyekundu," akasema.

"Zote hizo nyekundu."

"Natafuta iliyo nyekundu kuliko zote."

Aliyesimama nyuma yake akacheka, na hapo ndipo Hidaya alipogeuka. Akamwona kijana mrefu mwenye buti za mpira, jaketi la kahawia lililochakaa viwiko, kofia ya sufi, na macho makubwa, matulivu, ya mtu asiyependa kuharakishwa. Nikiri mapema kwamba macho hayo ndiyo yaliyoleta balaa lote la hadithi hii.

Kijana akaokota hoho tatu, akaingia nazo chini ya turubai la muuza maharage, kivulini. Akazitazama mara moja tu, akarudi na kumpa moja.

"Hii."

Hidaya akaigusisha kidude chake. Akaigeuza, akaigusisha upande wa pili. Namba zilimfanya asimame.

"Umejuaje?"

"Juani kila hoho nzuri, dada yangu. Ukitaka kuijua, ipeleke kivulini."

Maneno hayo yalimgusa Hidaya, maana ndiyo aliyokuwa akiwaambia wakubwa zake wa Dar es Salaam kwa miaka miwili, juu ya kitu kingine kabisa, na hakuna aliyemwelewa.

"Unafanya kazi gani, kaka?"

"Nachambua mboga, kule Kwai. Zitakazofika Dar zikiwa nzima nazipanga kwenye matenga. Zisizofika nazitoa. Naitwa Nassoro. Na wewe unayepima hoho homa?"

"Hidaya. Mimi napima televisheni."

"Sasa hoho imeingiaje hapo?"

"Ndiyo itakayoonekana kwenye televisheni."

Nassoro akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Basi Hidaya akamweleza palepale, katikati ya karoti. Kulikuwa na kampuni moja ya Dar inayoagiza televisheni kutoka nje, zile zenye maandishi ya HDR. Kama hujabahatika kuuziwa, HDR ni herufi tatu zinazobandikwa kwenye boksi, na muuzaji akiulizwa maana yake hujibu kuwa ni "picha kali". Maana yake hasa ni picha yenye upana wa mwanga. Jua liwake mpaka ufinye jicho, na wakati huohuo kivuli cha mgomba kibaki na vitu ndani yake, kisiwe shimo jeusi. Televisheni nyingi za bei ya kawaida hupokea picha hiyo kama mtu anavyopokea barua ya lugha asiyoijua: barua ameipokea, ila hakuisoma. Kazi ya Hidaya ilikuwa kuzijua zinazosoma. Vipimo vya mashine alikwishavimaliza. Sasa yalitakiwa macho ya watu, watazamaji kumi na wawili wa kawaida.

"Nahitaji jicho kama lako," Hidaya akamalizia. "Una nafasi Jumatano?"

"Nikae kwenye kiti nitazame televisheni?"

"Ndiyo."

"Na hiyo ni kazi?" Nassoro akatabasamu mpaka mashavu yakabonyea. "Mama alikuwa ananifukuza mbele ya televisheni tangu niko darasa la tatu. Nitakuja hata kwa magoti."

*

Ukumbi ulikuwa nyuma ya nyumba ya wageni ya Bi. Scholastica, mama wa makamo aliyeletwa milimani na wazazi wake waliokuja kuchuma chai, akaolewa, akafiwa, na akagoma kuondoka. Hidaya alikuwa ameziba madirisha yote kwa kaniki. Mbele ya viti alipanga televisheni tatu, majina ya kampuni ameyafunika kwa karatasi, akaziita A, B na C. Watazamaji waliingia, wakaonyeshwa kitabu cha vitone vya rangi kuhakikisha hakuna anayechanganya nyekundu na kijani, kisha wakakaa gizani dakika tano macho yazoee. Kila mmoja alikuwa na namba yake. Nassoro alipata tisa.

"Alama ni moja mpaka tano," Hidaya alitangaza kutoka nyuma ya viti, rimoti tatu mikononi. "Moja mbaya sana, tano safi sana. Hakuna kuongea, hakuna kuchungulia fomu ya jirani. Bi. Scholastica, shikamoo, nakuomba na wewe."

"Marahaba mwanangu. Mimi nimefunga mdomo kama kaburi. Ila hiyo B inapendeza jamani!"

Jioni ile, watu walipokwisha kuondoka, Hidaya alizisoma fomu peke yake. Wengi walikuwa wameipenda B, kwa kuwa rangi zake zilikuwa zimeshiba. Alipofika namba tisa akaanza kucheka.

Kwa picha ya chemli inayowaka katika jiko lenye giza, Nassoro aliipa A tatu, akaandika: *Taa imezungukwa na utando. Taa ya kweli haina utando, isipokuwa umetoka kulia.* B aliipa mbili: *Nyanya za B zimeiva kabla hazijaiva.* C nayo mbili: *Upande wa kushoto jioni, upande wa kulia mchana.*

Mashine za Dar zilikuwa zimesema yaleyale, kwa kurasa arobaini. Hidaya aliisoma fomu ile mara tatu. Mara ya kwanza aliisoma kwa ajili ya kazi. Mara mbili zilizofuata sina haja ya kukuambia alikuwa anaisomea nini.

*

Jumamosi alimwomba ampeleke Magamba kupiga picha za ukungu. Walitoka alfajiri kwa pikapu ya mboga. Msitu ulikuwa umelowa, ukungu unapanda kutoka bondeni, na jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya miti. Hidaya alitega kamera, akapuliza vidole vyake kwa baridi.

"Televisheni mbovu huukata ukungu vipandevipande," alimweleza. "Badala ya kufifia polepole, unaona mistari, kama ngazi."

"Ukungu wenye ngazi? Ili nani apande?" Nassoro akavua jaketi lake na kumvika mabegani. "Shika, usije ukanifia hapa nikaulizwa."

"Linanuka vitunguu."

"Linanuka mshahara, dada. Heshima tafadhali."

Hidaya alicheka mpaka kamera ikatikisika, ikabidi aanze upya. Nassoro alimwangalia anavyochungulia kwenye kioo kidogo, uso wake umepata mwanga wa jua upande mmoja, na akahisi moyo unamwenda mbio bila sababu ya mlima. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alikwisha kupenda mara mbili, ila kupenda kwa namna hii, kwa kuogopa hata kukohoa asije akaharibu, hakukujua.

"Unaondoka lini?" akauliza.

"Jumamosi ijayo, basi la asubuhi. Napita Tanga nyumbani, halafu Dar."

Nassoro akahesabu siku kwa vidole. Alikuwa na wiki moja ya kusema neno moja. Hidaya naye alikuwa anasubiri neno hilohilo, na hakuna aliyelisema mpaka pikapu ikarudi mjini.

Simuni ndiko walikopata ushujaa.

"Umekula?" Nassoro aliuliza Jumapili jioni.

"Bi. Scholastica amenipikia ndizi. Amesema nimekonda, hakuna mume atakayenitaka."

"Mwambie asikusemee watu."

"Watu gani, mgosi?" Alimwita "bwana" kwa Kisambaa.

"Watu tu. Wapo."

"Wako wapi? Mbona siwaoni?"

"Na wewe si mtaalamu wa kuona? Angalia vizuri."

Hidaya akauzika uso kwenye mto. Alipoutoa, simu bado ilikuwa sikioni na bado Nassoro alikuwa anacheka. Walizungumza hivyo Jumatatu, na Jumanne, kila jioni wakizungukazunguka lile neno bila kuligusa.

*

Kazi ile ilikuwa na kanuni ambazo watazamaji husomewa, na nyingine ambazo ni za msimamizi peke yake. Ya saba ilikuwa hivi: mtazamaji mwenye undugu au uhusiano wa karibu na msimamizi ataondolewa, fomu zake hazitahesabiwa, sababu itaandikwa, wala hataambiwa sababu hiyo mpaka kikao cha mwisho kifungwe, asije akawapotosha wenzake. Na iliyofuata: watazamaji wakipungua kumi na wawili, tathmini si kamili.

Tathmini hiyo kukamilika kulikuwa na maana kubwa kwa Hidaya. Alikuwa ameahidiwa kuongoza kitengo kizima cha picha pale kampuni, nafasi aliyoipigania miaka miwili.

Jumatano ya pili, kikao cha tatu, rimoti ya C ikagoma. Ikambidi Hidaya asimame kando ya C tangu mwanzo mpaka mwisho, anabonyeza kwa mkono. Katikati ya picha mpya za Magamba alirudia, bila kuwaambia watazamaji, ile picha ya chemli ya wiki iliyopita. Ni mtego wa kawaida wa kazi: jicho la kuaminika hutoa alama ileile mara mbili.

Alasiri akafungua fomu ya namba tisa. C ambayo wiki iliyopita ilipata mbili, safari hii ilipata tano. Chemli, tano. Ukungu, tano. Hoho, tano. Kwenye maoni aliandika neno moja kila mahali: *Nzuri.*

Hidaya alitazama fomu, akaitazama C na ule upande wake wa kushoto uliofifia, kisha akakumbuka alikuwa amesimama wapi. Alicheka kwanza. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu aliona jambo jingine: fomu zilikuwa kumi na mbili mezani, na yeye alikuwa amezipekua zote kutafuta moja. Tangu kikao cha pili alikuwa akianza na namba tisa. Hata kama Nassoro angetoa alama kwa haki kama mizani, yeye asingeweza tena kuzisoma kwa haki. Alimpenda. Akalisema hilo kwa sauti, peke yake ukumbini, na halikumtisha kama alivyodhani. Akachukua rula na kalamu nyekundu.

Kisha akampigia bosi wake, Aron.

"Umemwondoa?" Aron akapaza sauti. "Hidaya, umebaki na kumi na mmoja! Hiyo ni fomu moja tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Una uhusiano na huyo kijana?"

"Kama yeye anao sijui. Mimi ninao."

Aron hakuwa mtu mbaya, alikuwa na wakubwa tu.

"Unajua nafasi yako inakwenda na hii kazi?"

"Najua, kaka Aron."

"Haya. Usije ukasema sikukuambia."

*

Alhamisi alimtumia Nassoro ujumbe: *Kesho usije kwenye kikao. Nitakueleza jioni.* Ila Nassoro siku hiyo alikuwa Mlola kununua karoti, simu imekufa chaji tangu asubuhi, na Ijumaa alfajiri alipoichomeka alikuwa na haraka ya kupiga pasi. Alikuwa ameamua. Leo angelisema lile neno, hata kama ni mbele ya televisheni zote tatu. Alivaa shati jeupe, suruali nyeusi na viatu vya ngozi, kichwani hana kofia, na mkononi mfuko wa karoti alizochagua moja moja, za kumpelekea mama yake Hidaya kule Tanga.

Kwenye mlango wa ukumbi palikuwa na orodha ya watazamaji. Namba tisa ilikuwa imekatwa mstari mwekundu, kwa rula.

"Haa!" Rashidi, dereva wa bodaboda aliyekuwa namba tano, alipiga makofi. "Mchambuzi kachambuliwa! Leo nyanya zimelipiza!"

Watu wakaangua kicheko. Nassoro akacheka pia, kwa meno tu. Ndani, Hidaya alikuwa ameshaanza kuzima taa. Bi. Scholastica akasimama mlangoni akimwangalia Nassoro kwa huruma.

"Mwanangu, mimi sijui lolote. Nimeambiwa mlango ufungwe, macho yao yazoee giza."

"Hakuna neno, mama. Shikamoo. Mpe hizi karoti."

Saa sita, wakati wa mapumziko, Hidaya akapiga simu.

"Nassoro, jana nilikutumia ujumbe..."

"Nimeukuta. 'Kesho usije.' Umeandika vizuri, hauna hata kosa."

"Nisikilize basi."

"Wewe nisikilize kwanza. Mimi nikiitoa nyanya kwenye tenga, unajua naitoa kwa nini?"

"Kwa sababu imeoza."

"Umeona! Miaka tisa sasa, sijawahi kuitoa nyanya kwa sababu nyingine."

"Kwenye kazi yangu sivyo ilivyo."

"Ikoje?"

Hidaya akafumba macho. Kikao cha mwisho kilikuwa bado hakijafungwa, na watazamaji kumi na mmoja wanakunywa chai hatua tatu kutoka alipo. Na hata bila kanuni, mwanamke analianzaje neno kama lile, kwenye simu, kwa mtu aliyekasirika?

"Nitakuambia jioni," akasema.

"Siku ya hoho jicho langu zuri. Siku ya ukungu jicho langu zuri. Leo mbele ya mji mzima limeoza, na sababu ni siri. Basi kaa na siri yako. Safari njema, dada Hidaya."

Akakata. Hilo "dada" lilimuumiza Hidaya kuliko maneno yote yaliyotangulia. Jioni, kikao kilipofungwa, alipiga mara saba. Simu ilikuwa imezimwa. Basi lake lilikuwa saa kumi na mbili asubuhi.

*

Saa kumi na mbili na nusu, Jumamosi, basi likiwa limekwishaanza kushuka kuelekea Mombo bila yeye, Hidaya alikuwa nyuma ya bodaboda ya Rashidi, anapanda Kwai. Alivaa gauni la kijani lenye tarizi shingoni na mtandio mweupe, na begi la kazi amelikumbatia kifuani.

Banda la kuchambulia lilikuwa wazi pande zote. Akina mama sita walikaa kuzunguka lundo la nyanya, na lori limefungua mkia linasubiri. Nassoro alikuwa amepiga magoti mbele ya tenga. Alimwona, akainamisha kichwa, akaendelea kupanga.

"Hamjambo jamani," Hidaya akasema.

"Hatujambo, karibu," akina mama wakaitikia kwa pamoja, na mikono yao yote ikapunguza kasi. Glory, aliyekuwa msaidizi wa Nassoro na mwenye masikio mapana kuliko wote, akaacha kabisa kufanya kazi.

"Basi limekuacha?" Nassoro akauliza nyanya zake.

"Mimi ndiye niliyeliacha."

Hidaya akafungua begi, akatoa fomu. "Kikao kimefungwa jana. Sasa ruhusa ninayo. Uliniuliza kwenye kazi yangu ikoje. Soma mwenyewe. Chini pale, palipoandikwa Sababu."

Nassoro akafuta mikono kwenye suruali. Akaipokea karatasi, akaisogeza kivulini kwa mazoea, akasoma. Midomo ilikuwa inatembea polepole. Mwandiko ulikuwa wa Hidaya, wa wino mwekundu:

*Msimamizi anampenda. Hawezi kumhukumu kwa haki.*

Akaisoma tena. Glory akanyoosha shingo mpaka ikakaribia kukatika.

"Hii umeandika lini?"

"Jumatano."

"Kabla sijakuambia chochote?"

"Hujaniambia chochote mpaka leo, Nassoro."

Kweli ilikuwa hivyo, na ilimpata mahali pake. Nassoro akaketi juu ya tenga tupu. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Na ungeniondoa tu, hata bila hilo. Jumatano sikuziangalia televisheni. Nilikuwa natoa tano kila uliposimama wewe."

"Najua. Umeipa tano televisheni ambayo nusu yake imezimika."

"Mimi niliiona inawaka yote."

Mmoja wa akina mama akasema "Yarabi!" na kujifunika uso kwa kanga. Hidaya naye alitaka kucheka, ila machozi yalimtangulia, akayafuta kwa ncha ya mtandio.

"Na kile cheo ulichokuwa unakisubiri?" Nassoro akauliza. "Bi. Scholastica alinidokeza."

"Kimekwenda. Aron alipiga jana usiku. Kumi na mmoja hawatoshi, nafasi wamempa mwingine. Mimi nitaendelea na vipimo, mwezi ujao Iringa."

"Kwa ajili yangu?"

"Usijisifu. Kwa ajili ya fomu." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Imeniuma, nisikudanganye. Ila ningekuacha ndani ningekuwa nimedanganya kazi, na ningekutoa bila sababu ningekuwa nimekudanganya wewe. Nilichokuja kuuliza ni kimoja tu, nikijue kabla sijashuka mlima. Mimi nimeandika yangu. Ya kwako iko wapi?"

Dereva wa lori aliyetaka kupiga honi aliondoa mkono kwenye usukani.

Nassoro akatoa simu mfukoni, akaiwasha, akabonyeza, akaiweka sauti ya nje.

"Shikamoo, mjomba Yusufu."

"Marahaba. Mbona asubuhi hivi? Kuna msiba?"

"Hakuna, mjomba. Nina safari ya Tanga, nyumbani kwa watu. Nilikuwa naomba unitangulie wewe, na kanzu yako."

Mjomba akakohoa kikohozi cha mtu anayejirekebisha kitandani.

"Aaa. Kumbe. Na huko kwa watu, wanatujua?"

Nassoro akamtazama Hidaya. Hidaya akaisogelea simu, akapiga goti kidogo kana kwamba mzee anamwona.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Ni wewe?"

"Ni mimi. Baba yupo Ngamiani. Jumapili hatoki, anashinda nyumbani."

"Jumapili si kesho?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi acheni nikanyooshe kanzu," mjomba akasema, na simu ikakatika bila kwaheri.

Akina mama wakaanza kupongezana utadhani wao ndio wanaoolewa. Dereva wa lori, kwa upande wake, alikumbuka kwamba Dar es Salaam bado iko mbali, akapiga honi. Hidaya akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti kando ya Nassoro, akaanza kumsaidia kupanga nyanya ili safari yao ya Tanga iwahi. Alipanga kwa bidii sana na vibaya sana. Nyanya ya nne aliyoitia ilikuwa imelainika kitakoni, ya kufika Dar ikiwa mchuzi. Nassoro aliiona. Mkono wake ulinyooka kuitoa, kama ulivyofanya kwa miaka tisa, kisha ukasita hewani, ukarudi gotini.

Akavuta pumzi. Akasimama, akajipangusa magoti.

"Glory, hebu njoo ukae hapa kwenye tenga langu. Mimi leo nimejitoa."

"Kwa nini, kaka Nassoro? Unaumwa?"

"Siumwi." Alisema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye lori. "Huyu anayepanga hapa nampenda. Siwezi kumhukumu kwa haki."

Hidaya akabaki na nyanya mkononi, kichwa ameinamisha, anatabasamu. Glory akaja, akakaa kwenye nafasi ya Nassoro, akaitoa ile nyanya iliyolainika na kuitupa kwenye ndoo ya ng'ombe.